Maharagwe ya Wakati wa Baridi



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, mama zetu na dada zetu, tumezoea kila wiki kutoa nasaha. Wiki hii itatubidi kwanza tukiri kosa letu, kwa kuwa nasaha iliyomo humu ilizaliwa na kosa hilo. Tumeomba idhini ya wenye habari kabla ya kuisimulia, nao wametukubalia kwa sharti la kutotajwa majina wala mji.

Mwezi wa Novemba, baada ya darsa ya wanawake, mama mmoja alitukabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake ameolewa na kijana wa hapa kwetu anayefanya kazi Uingereza, na ni mwaka wa pili sasa tangu alipomfuata mumewe huko. Nyumba waliyoikodi ina uwanja mdogo nyuma, na uwanjani mna kivungulio, yaani banda la vioo la kukuzia mimea, lililoachwa na wapangaji wa kabla yao. Binti huyo alipokuwa kwao Mombasa alikuwa akipanda mchicha na kunde ndani ya madebe juu ya dari, na kila aliyepanda ngazi zile alistaajabu. Basi mwezi wa Oktoba alinunua mbegu za maharagwe mafupi yasiyotambaa, yale ambayo hapa Kenya twayaita mishiri, akazipanda bandani. Baridi ilipozidi akaweka hita ya umeme iwake usiku kucha. Bili ilipokuja mumewe alighadhibika, wakazozana, na siku tatu zikapita hawasemezani. Mama akauliza: je, mwanangu amefanya israfu?

Tulisoma karatasi ile tumesimama, viatu mkononi, watu wakitusubiri mlangoni. Tukajibu papo hapo: naam, hiyo ni israfu, amtii mumewe, azime hita, ang'oe maharagwe, na avute subira mpaka jua litoke. Tukaona tumemaliza.

Mwezi wa Januari mama yule alirudi. Kaskazi ilikuwa ikivuma na joto lilikuwa limepamba moto, naye alikuwa akijipepea kwa ncha ya leso. Alisema, "Shekhe, mwanangu ametii. Ameng'oa yote. Tangu siku hiyo nikimpigia simu anajibu 'salama, mama', kisha kimya. Mumewe asema halali usiku na mchana haamki." Halafu akasema neno ambalo hatujalisahau: "Uliulizwa maharagwe, Shekhe, ukajibu maharagwe. Hukuuliza kwa nini mtu apande maharagwe kwenye barafu."

Tulinyamaza, kwa kuwa jawabu hatukuwa nalo. Sayyidna Ali alipotumwa Yemen kwenda kuhukumu, Mtume (S.A.W.) alimfunza asimkatie shauri wa kwanza mpaka asikie maneno ya wa pili. Sisi tulikuwa tumesoma maneno ya mtu wa tatu, tena kwa haraka, tukawakatia shauri watu wawili tusiomsikiza hata mmoja wao.

Basi tukaanza upya. Tulizungumza na binti kwa simu, mama yake akiwa ameketi kando yetu. Siku ya pili tukazungumza na mume. Tulimwendea pia ndugu yetu mmoja aliyeishi Uingereza miaka mingi, aliyekuwa na kishamba cha kukodi kutoka kwa halmashauri ya mji wake, atufafanulie mambo ya kilimo cha huko. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mmea huu wa mishiri asili yake ni Bara la Amerika, na haukufika Ulaya ila baada ya safari za Wahispania, katika karne ya 16. Wanazuoni wetu wa Andalusia walioandika juu ya kilimo, kama Ibn al-Awwam wa Ishbilia katika karne ya 12, hawakuujua. Ni mmea wa joto. Mbegu yake haioti vizuri udongo ukiwa chini ya nyuzijoto 12. Hukaa majini kama mtu aliyefungiwa mlango, kisha huoza. Ukiota, jalidi ya usiku mmoja yatosha kuua kila jani. Ili utoe maua na maganda huhitaji usiku usiopungua nyuzijoto 14 au 15 hivi, na mchana wenye jua la kutosha.

Na hapo ndipo penye shida kubwa zaidi. Hita hutoa joto, haitoi jua. Sisi wa Mombasa mwaka mzima twapata mchana wa karibu saa 12. Kule, katika siku za mwisho wa Desemba, mchana wote haufiki muda wa saa 8, na jua lenyewe hupita chini upande wa kusini, mara nyingi nyuma ya mawingu. Anayeswali huko aijua habari hii vizuri kuliko mkulima: tangu Adhuhuri iingie hadi Magharibi ni muda usiozidi saa 4, na Alasiri imebanwa katikati. Mmea uliopashwa moto ukanyimwa mwanga hurefuka, hupauka na kuanguka. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walikula maharagwe mabichi wakati wa baridi kutoka kwenye mabanda yao wenyewe, lakini nyuma yake palikuwa na mabomba ya maji ya moto, makaa ya mawe na watunza bustani walioajiriwa kwa kazi hiyo. Hiyo haikuwa bustani ya mke wa mfanyakazi.

Sasa tupige hesabu. Hita ya kilowati 2 ikiwaka bila kuzimwa kwa muda wa saa 10 usiku hula uniti 20. Uniti moja huko ni kiasi cha robo ya pauni. Basi usiku mmoja ni pauni 5, na mwezi mmoja ni pauni 150. Kwa fedha hizo mtu angenunua mishiri ya dukani kwa mwezi mzima, akala na kugawia majirani, na fedha zikabaki. Tena mishiri hiyo ya dukani, ajabu ya Mungu, aghalabu hutoka kwetu: hulimwa Kirinyaga, Machakos na kwingineko, huchumwa ingali laini, hupakiwa kwenye ndege Nairobi na kufika Ulaya. Msimu wake mkubwa wa kuuzwa huko ni kuanzia Oktoba hadi Mei, kwa sababu iyo hiyo ya kwamba wakati huo Ulaya haiwezi kujilimia. Binti yetu alikuwa akipigana na baridi ili apate kitu ambacho nchi yake mwenyewe ilikuwa ikimpelekea.

Kwa hiyo katika jambo la hita, mume alikuwa na haki. Kutumia mali katika jambo la halali kupita kiasi cha haja ndiyo israfu, na kumwingiza mwenzio katika deni bila ya yeye kujua ni kosa juu ya kosa. Kijana yule alitwambia kwa sauti ya chini kwamba kila mwezi huwatumia mama zake wawili, aliyemzaa na aliyemzalia mke, na kwamba bili ile ilipofika hakuona maharagwe, aliona mama mmojawapo akikosa. Hakuwa amemwambia mkewe maneno hayo. Alikuwa amempigia kelele tu.

Na mke je? Tulimwuliza, "Mwanangu, kwa nini maharagwe?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Shekhe, mume wangu hutoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Baina ya giza na giza, sina wa kunijibu salamu. Nilipopanda, nilikuwa baada ya Alfajiri sirudi kitandani, nakwenda kuangalia kama limeota. Siku lilipochomoza la kwanza nililia." Akasema tena, "Niling'oa kwa mkono wangu kama nilivyoamrishwa."

Wasomaji wetu, tuliamrisha sisi. Tulidhani twaondoa israfu, na kumbe tuliondoa jambo pekee lililomtoa mtu kitandani. Haja ilikuwapo, tena haja ya kweli, ila sisi tuliitafuta kwenye sufuria nayo haikuwa huko. Miongoni mwa mafakihi wako waliojadili hata suala la mke anayeachwa peke yake nyumbani akaingiwa na kiwewe, je, ana haki ya kuwekewa mtu wa kumliwaza? Watu waliokaa na suala kama hilo hawakudhani kwamba nafaka ni unga na nguo peke yake. Sisi tuliosoma vitabu vyao ndio tuliosahau.

Basi tukawaita wote wawili kwenye simu moja, tukawataka radhi, kisha tukawapa maneno manne.

La kwanza, hita izimwe na isiwashwe tena kwa ajili ya mimea. Hilo halikubadilika.

La pili, banda lisifungwe. Likosapo moto, lipandwe kinachostahimili baridi. Ndugu yetu alitufungua macho kwamba liko haragwe la wakati wa baridi, na jina lake si geni kwa waliokwenda Misri au Hijaz: ful, lile haragwe pana, kubwa, linalopikwa likalainika na kuliwa kwa mkate asubuhi. Ful haiogopi baridi. Waingereza huipanda nje mwezi wa Novemba, ikaota, ikakaa wima katika jalidi, na majira ya kuchipua yakifika ikaanza kukimbia. Aliyepitwa na Novemba huipanda Januari au Februari ndani ya vyungu katika banda lisilo na moto, kisha akaihamishia ardhini mwezi wa Machi, na kuichuma mwezi wa Juni. Haidai hata uniti moja ya umeme. Hudai mtu wa kwenda kuitazama, na huyo tunaye.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari, maana jambo hili lagusa hata familia zetu za pwani. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ndani ya damu. Mtu wa namna hiyo akila ful huenda chembe zake nyekundu za damu zikavunjika: macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mwili huishiwa nguvu. Huo ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali. Upungufu huo hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na umeenea kwa watu ambao asili yao ni nchi za malaria, na sisi ni miongoni mwao. Katika nyumba ambamo yupo aliyewahi kuambiwa ana hali hiyo, au aliyedhurika vibaya kwa baadhi ya dawa za malaria, daktari aulizwe kabla ya ful kuingia jikoni. Wanandoa wetu waliuliza, wakapimwa, wakaambiwa hapana dhara.

La tatu, mishiri yenyewe isikatazwe, bali ipewe wakati wake. Nyumba ya kulala hupashwa moto kwa ajili ya watu kwa vyovyote vile; basi dirisha linaloelekea kusini, lipatalo jua, liwekewe vyungu viwili vitatu mwishoni mwa Februari au Machi, mchana unapoanza kurefuka. Mbegu nne au tano kwa chungu cha upana wa sentimita 25, kina cha sentimita 4 au 5, udongo uwe na unyevu wala usiwe tope. Ua la mishiri hujichavusha lenyewe, kwa hiyo halihitaji nyuki aingie ndani. Ukavu ukizidi huja utitiri mwekundu chini ya majani. Maji na baridi vikizidi huja ukungu wa kijivu. Basi hewa ipite na majani yaangaliwe. Maganda huanza kuchumwa baada ya siku 60 hadi 70 au zaidi kidogo, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyozidi kuja. Kisha mwezi wa Julai ipandwe tena bandani, ili ichumwe hadi mwanzo wa baridi. Hivyo msimu huvutwa huku na huku, mwanzo wake na mwisho wake, na katikati huachiwa ful. Na yachemshwe vizuri, kwani maharagwe mabichi yasiyopikwa yana sumu inayosokota tumbo. Yale mekundu makavu yarowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto.

La nne, na hili tulimwambia mume peke yake kwanza: huzuni inayomshika mtu kila giza la baridi linapoingia si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni maradhi yanayojulikana na madaktari wa huko, na yana tiba. Ampeleke mkewe kwa daktari, na amtafutie darsa ya wanawake msikitini, hata kama ni ya lugha nyingine. Haragwe si dawa ya kila kitu. Kijana akajibu, "Shekhe, laiti ungenambia Novemba." Neno hilo pia tulilistahili.

Baada ya hapo mama alitaka kufanya lake. Alikuja na mfuko wa mbegu za kunde, akasema yupo jamaa anayesafiri, na kwamba angeuficha katikati ya pilipili manga na iliki. Tulimkataza. Sheria ya huko yataka mbegu za kupanda zitokazo nchi kama yetu ziwe na cheti cha afya ya mimea, kwa kuhofia maradhi na wadudu wa shambani. Mtu aingiaye nchi ya watu kwa ruhusa yao ameingia kwa ahadi, na Mwislamu hutimiza ahadi hata kwa punje ya kunde. Tena msafiri akikamatwa, fedheha ni yake na hali amana ni yetu. Mama zetu, hili twalisema kwa nyinyi nyote mnaotuma vifurushi: mwambieni msafiri kila kilichomo, na kisichoruhusiwa kisiende.

Sasa twaandika ful zikiwa zimeota. Tumeletewa picha: vyungu kumi na viwili, na kila kimoja kina shina la kijani kibichi lenye majani mazito, na nje ya kioo barafu nyeupe. Udongo ulibebwa na mume siku yake ya mapumziko, gunia kwa gunia. Hatutadai kwamba mambo yote yametengenea. Mchana ungali mfupi, na binti angali akisema kwamba ziko asubuhi ambazo miguu haitaki kushuka kitandani. Lakini mama atwambia kuwa sasa simu hupigwa kutoka kule, na mazungumzo huanza kwa maharagwe, yakaendelea kwenye mengine.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Mwislamu hapandi mmea ukaliwa na ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Zamani tulidhani thawabu hiyo huanza siku ya mavuno. Pia tumefunzwa kwamba aliye na mche mkononi, hata Kiyama kikisimama, akiweza na aupande. Mche huo hautangojewa uzae. Basi sisi tuliomwamrisha mtu ang'oe, na tujiulize tulisimama upande gani wa mafunzo hayo.

Kwa nyinyi mlio na mabinti na wakwe ng'ambo, twawausia: mkisikia wametumia fedha kwa jambo la ajabu, msianze na bei. Ulizeni kwanza walikuwa wakitafuta nini. Na nyinyi waume, bili ikija kubwa, semeni hofu yenu kabla ya hasira yenu, kwani mke hawezi kuitazama hofu asiyoambiwa. Na sisi mashekhe, kabla ya kujibu karatasi iliyokunjwa mara nne, tuvue viatu tena, turudi ndani, tuketi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haraka yetu, awaunganishe nyoyo zao, awakunjulie dhiki wote walio mbali na kwao, na abariki kila mkono unaotia mbegu ardhini. Amin.

Wabillahi tawfiq.